Valencia na watoto: panga siku kwa jua lake

Kabla sijatazama bei ya tiketi wala hoteli, nilifungua ratiba ya sala ya Valencia, mji wa pwani wa Hispania, ya mwezi wa Julai. Adhuhuri inaingia dakika chache baada ya saa nane mchana. Alasiri inakaribia saa kumi na mbili jioni. Magharibi ni kama saa tatu na nusu usiku, na Isha inapita saa tano. Kwetu Tanga, Julai hiyohiyo, adhuhuri ni kama saa sita na nusu. Ratiba ile fupi ilinieleza mji kuliko picha zote nilizokuwa nimeziangalia: saa ya ukutani ya Hispania iko mbele ya jua kwa saa mbili na ushei. Valencia imekaa karibu kabisa na mstari wa Greenwich, lakini tangu mwaka 1940, enzi za dikteta Franco, nchi inafuata saa ya Berlin, na kiangazi huongezwa saa nyingine juu yake.

Ukishalijua hilo, mambo mengi yanaeleweka. Watu husema Wahispania wanachelewa kula na wanaacha watoto wakeshe. Ukilifuata jua, hakuna anayechelewa. Chakula cha mchana cha saa nane kinaliwa jua likiwa utosini, wakati uleule ambao mama zetu huita watu mezani. Mtoto anayepiga mpira uwanjani saa nne usiku, kwa jua lake ni kama saa mbili tu. Na joto nalo lina zamu yake: saa sita mchana bado ni kama saa nne ya asubuhi, kunavumilika, jua linaiva kuanzia saa tisa mpaka karibu saa kumi na mbili jioni. Familia inayotoka huku Uingereza na mazoea yake, ikala mchana saa sita, kisha saa tisa ikaanza kuzungusha watoto mjini na kofia kichwani, inatembea kwenye moto mkali kuliko wote wa siku. Nimewaona, wazazi wamenyamaza, watoto wanalia, na hakuna hata mmoja mwenye kosa. Wamefuata saa.

Sisi tunaishi Leicester, baba yao, mimi na watoto watatu: kifungua mimba ana miaka 11, wa kati 7, na kitinda mimba 3, wa kubebwa nusu ya safari. Kwa familia yenye watoto wa shule hapa England, kusafiri Juni wakati hewa ni nzuri na bei iko chini ni jambo la kusikia kwa wenzako. Ukimtoa mtoto shuleni bila ruhusa unaweza kupigwa faini ya pauni 80, kila mzazi kwa kila mtoto, ikilipwa ndani ya siku 21. Ukichelewa inakuwa 160. Piga hesabu ya wazazi wawili na watoto wawili wa shule, utaona punguzo lote la tiketi limeyeyuka. Bahati yetu ni kwamba shule za Leicester hufunga mapema kidogo kuliko sehemu kubwa ya England. Wiki ile ya katikati ya Julai, kabla wenzetu hawajafungua mabegi, ndiyo ya kuwahi. Agosti waachieni wengine. Wahispania wenyewe huukimbia mji mwezi huo, na maduka mengi ya mitaani huweka karatasi mlangoni kwamba wamekwenda likizo.

Kwa nini Valencia? Naipenda sana Sevilla moyoni, lakini Julai joto lake hupanda mpaka digrii 40 na mtoto wa miaka mitatu hana la kufanya na uzuri wa minara. Madrid haina bahari. Barcelona ina kila kitu pamoja na foleni ya kila kitu. Valencia ina pwani unayofika kwa tramu, ni tambarare kiasi kwamba kigari cha mtoto kinakwenda chenyewe, na katikati yake pana bustani ndefu ambayo hulipii hata senti. Na upepo wa bahari unashuka mitaani jioni. Mtu wa pwani akiusikia upepo huo anajua amefika mahali pa kukaa.

Niseme kwanza la viza, kwa sababu hapo ndipo safari za watu wengi wetu zinapofia. Watoto wana pasipoti za Uingereza, hawahitaji viza. Mimi bado nina ya Tanzania, na kibali cha kuishi Uingereza hakifungui mlango wa Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata kidogo. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa walio chini ya miaka sita. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, lakini sheria hiyo isikutulize: shida ni miadi. Ikifika Mei, miadi ya kiangazi huwa imeshachukuliwa, na utakaa usiku unaburuza kalenda iliyojaa. Mimi huanza kuitafuta Februari. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000 za matibabu, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi na ibaki hai miezi mitatu baada ya kuondoka Hispania. Kama ulishawahi kuchukuliwa alama za vidole kwa viza ya Schengen, zinahifadhiwa miezi 59, kwa hiyo mara nyingi hutachukuliwa tena. Na tafadhali, lipia malazi yanayoweza kufutwa mpaka viza itoke. Nimemwona jamaa yangu akipoteza pesa ya fleti nzima kwa haraka ya kukamata bei nzuri.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nalisisitiza kwa akina mama wenzangu. Sisi hatubadili majina tukiolewa. Mimi nabeba jina la baba yangu, watoto wanabeba la baba yao. Kwenye pasipoti hatufanani hata herufi. Hispania hilo halimshangazi mtu, kwa sababu wanawake wao nao hubaki na majina yao baada ya ndoa na mtoto hubeba la baba na la mama pamoja. Swali huja wakati wa kurudi Uingereza, hasa ukiwa peke yako na watoto: huyu ni nani wako? Nabeba nakala za vyeti vya kuzaliwa, na baba yao asipokuwepo nabeba barua yake yenye sahihi na namba ya simu. Karatasi mbili tu hizo zinamwondolea mtoto hofu ya kumwona mama yake akihojiwa usiku, amechoka, kwenye foleni ya pasipoti. Chukua pia kadi ya afya ya GHIC kwa kila mmoja. Ni bure, na inasaidia hospitali za serikali, ingawa haichukui nafasi ya bima.

Kwenye malazi mimi nina masharti: kiyoyozi kinachofanya kazi chumba cha watoto, lifti, mashine ya kufulia, na yale mapazia magumu ya nje ya dirisha wanayoyaita persiana. Hayo ndiyo siri ya nyumba za Hispania. Unavuta mkanda ukutani, vibao vinashuka kwa kishindo, trrr, chumba kinakuwa giza saa kumi jioni kama saa nane usiku. Mtoto wangu wa mwisho, ambaye Leicester analala kwa vita kwa sababu jua la Julai linachungulia dirishani mpaka saa tatu na nusu, huko alikuwa anauvuta ule mkanda mwenyewe kwa mikono miwili, anajitupa kitandani, na anapotea. Kama unakodi fleti badala ya hoteli, angalia namba ya usajili kwenye tangazo. Tangu Julai 2025 nyumba za kukodisha kwa muda mfupi zinatakiwa kuwa nayo. Wenyeji wa Valencia wameandamana kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda na majirani wao wamegeuka kuwa wageni wa wiki moja. Wanalolilalamikia ni la kweli. Sisi tulichukua hoteli ya vyumba vyenye jiko, karibu na bustani ya Turia, na dhamiri ilitulia.

Siku yetu ilikuwa na umbo moja. Saa moja na nusu asubuhi tumeshatoka, hewa ya baridi, mitaa inanukia maji ya waliofagia. Shughuli moja tu, moja, mpaka saa nane. Chakula. Kisha ndani, persiana chini, wote kulala mpaka saa kumi na moja au zaidi. Kitu baridi na kitafunwa. Halafu jioni ndefu nje mpaka saa tano usiku. Baba yao alikuwa na orodha ya sehemu kumi na tano alizoziona kwenye simu. Tuliziacha nyingi bila majuto. Bioparc, kwa mfano, ni bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 2008, ina mbuga ya Afrika ya kutengenezwa na inasifiwa sana, lakini nataka watoto wangu twiga wa kwanza wamwone Tarangire au Mikumi, na fedha ile niiweke huko.

Bustani ya Turia ndiyo moyo wa safari hii, na kila mtoto anastahili kuelezwa imetoka wapi. Pale palikuwa na mto. Tarehe 14 Oktoba 1957 mto huo ulifurika ukaingia mjini, watu wasiopungua 81 wakafa, na serikali ikaamua kuuchimbia njia mpya kusini mwa mji. Kitanda cha zamani kikabaki kikavu. Mpango ulikuwa kupitisha barabara kuu ya magari humo ndani. Wakazi wakakataa, wakadai miti. Leo ni kama kilomita tisa za bustani, chini ya usawa wa barabara, na madaraja ya kale bado yanapita juu yako yakiwa hayana maji ya kuvuka. Mkubwa wangu alisimama chini ya daraja moja akagusa jiwe, akauliza: maji yalifika wapi? Nikamwonyesha juu, mbali juu ya kichwa cha baba yake. Halafu nikamweleza la karibu zaidi. Oktoba 29, 2024, mvua kubwa ilishuka milimani, mafuriko yakaua zaidi ya watu 220 mkoani humo. Ile njia mpya iliulinda mji wa katikati. Vitongoji vya kusini, ng'ambo ya mfereji, ndivyo vilivyozama kwenye tope. Ukipita na watoto wako, waambie. Wenyeji waliofiwa wangali wanaishi hapo hapo, ndio wanaotuuzia mkate.

Ndani ya bustani hiyo kuna Gulliver. Ni jitu lililolala chali, limefungwa kamba na watu wadogo wa hadithi, urefu wake kama mita 70, na mwili mzima ni wa kupanda na kuteleza: nywele ni slaidi, mikunjo ya koti ni slaidi, vidole ni ngazi. Kuingia ni bure. Nendeni mapema asubuhi au baada ya alasiri, kwa sababu slaidi zile zikilipata jua la saa tisa zinaunguza paja la mtoto. Wavalishe suruali ndefu nyepesi. Wa kati wangu aliliparamia lile jitu kuanzia kiatu, hakutuaga, na tulimwona tena ametokea kwenye kola ya shati, nywele zimelowa jasho, anapunga mkono kama nahodha. Hatukufanya kitu kingine asubuhi ile.

Oceanogràfic ndiyo sehemu tuliyolipia fedha nzito, na nitailipia tena. Ilifunguliwa mwaka 2003, inahesabiwa kuwa akwaria kubwa kuliko zote Ulaya, na ina njia ya kioo unapita chini ya maji papa wakiwa juu yako. Lakini kilichowashika wanangu ni nyangumi weupe wawili, beluga, waliookolewa kutoka Kharkiv, Ukraine, Juni 2024, vita vikiwa vinaunguruma. Walisafirishwa kwa barabara kutoka kwenye mji unaopigwa mabomu, kisha kwa ndege. Mkubwa ana rafiki wa Kiukraine darasani. Alikaa mbele ya kioo muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na nikamwacha. Nunua tiketi kwenye mtandao, fika mlango unapofunguliwa, na ubaki kwenye hilo tu siku hiyo.

Ukijaliwa kuwa mjini siku ya Alhamisi, simama saa sita mchana mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu. Hapo hukaa Baraza la Maji. Wakulima waliochaguliwa na wenzao, wamevaa majoho meusi, wanakaa kwenye viti vya duara, kisha mtu anaita kwa sauti mfereji mmoja mmoja kwa Kivalencia, Quart, Mislata, Favara, Rascanya na mingine, kama kuna aliyeshtakiwa kwa kosa la maji. Kesi husikilizwa kwa mdomo, hakuna wakili, na hukumu hutolewa papo hapo. Mara nyingi hakuna mlalamikaji na yote yanaisha dakika chache. Mifereji yenyewe ni urithi wa zama za Waislamu, kabla Mfalme Jaime wa Kwanza hajautwaa mji mwaka 1238, na mwaka 2009 UNESCO ikaliweka baraza hilo kwenye orodha yake ya urithi. Baba yao ana shangazi Nizwa, kule Oman, na watoto waliwahi kuona falaji, mfereji wa maji wa kule, wakati wa likizo, maji yakigawanywa shamba kwa shamba kwa zamu. Walipoelezwa kwamba wazee hawa wanaamua zamu ya maji, hawakuhitaji maelezo zaidi. Wa kati aliuliza tu kama mtu akiiba zamu anafungwa. Hafungwi, hutozwa faini.

Bahari tuliiacha kwa jioni. Tramu inakushusha Malvarrosa, mchanga ni mpana, maji Julai ni ya uvuguvugu, na hayana ghafla. Unatembea mbali kabla hayajafika kiunoni. Tazama bendera kabla hujamwachia mtoto: kijani ingia, njano jihadhari, nyekundu hakuna kuogelea. Kuna siku yavuyavu huja na mkondo, na walinzi hutangaza. Jioni moja tulimpigia bibi yao Tanga kwa video, watoto wamejipanga kwenye mchanga.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu. Hiyo bahari hiyo? Mbona imejaa?"

Mkubwa akamwambia ilikuwa hivyo tangu asubuhi.

"Basi itakupwa saa ngapi?"

Tukatazamana. Haikupwi, bibi. Mediterania karibu haina kujaa na kupwa kwa macho ya mtu. Mchanga uliouona asubuhi ndio uleule wa jioni. Bibi, aliyekulia Tanga akiokota chaza maji yakishapwa, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Maskini. Sasa wanawake wa huko wanaokota nini?"

Chakula hakikutupa tabu kama nilivyoogopeshwa. Ila lazima uulize, maana jamón, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, hutiwa hata kwenye mboga za majani. Mtaa wa Russafa una maduka ya nyama ya halali, na ukiwa na jiko chumbani umemaliza nusu ya kazi. Soko Kuu, Mercado Central, jengo la mwaka 1928 lenye kuba la vioo, hufunguliwa asubuhi mpaka saa tisa mchana na Jumapili halifunguliwi. Humo tulinunua samaki, nyanya, na zile pichi bapa za Julai ambazo mtoto hula mpaka viwiko vinachuruzika. Paella ya asili ya Valencia ina kuku na sungura na maharage ya aina mbili, haina kamba wala pweza, kwa hiyo anayekula halali tu aagize ya samaki au ya mboga, na aulize supu iliyopikiwa wali imetoka kwenye nini. Huliwa mchana, na huagizwa kwa sufuria nzima. Kilele chake ni kile kilichoshika chini, socarrat, wali ulioungua kwa ustadi. Mhudumu alipoanza kuukwangua kwa kijiko cha chuma, mwanangu wa kati aliinuka kwenye kiti: "Mama, hapa nao wanakula ukoko!" Nyumbani kwetu ukoko ulikuwa na foleni yake na ugomvi wake. Mhudumu aliona macho yao, akaugawa sehemu tatu sawasawa, mimi sikuachiwa.

Na jioni, baada ya usingizi, horchata. Ni kinywaji cheupe, baridi sana, kitamu, hakina maziwa wala kilevi. Hutengenezwa kwa chufa, vifundo vya mizizi ya mmea wa jamii ya ndago, yale majani yanayowatesa wakulima wetu, vinavyolowekwa, kusagwa na kuchujwa. Vinalimwa Alboraia, kaskazini tu ya mji. Unapewa na mkate laini mrefu wa kuchovya, farton. Mikahawa mingi haiwashi jiko la chakula cha usiku kabla ya saa mbili na nusu, kwa hiyo usiidharau saa hii. Ndiyo inayomfikisha mtoto usiku bila machozi.

Mwaka huu tunaitazama Granada. Huko joto la mchana ni kali zaidi, lakini mji uko juu, kama mita 680 kutoka usawa wa bahari, na usiku hupoa. Tiketi za Alhambra, ngome ya kale ya wafalme Waislamu, zinatolewa kwa jina na namba ya pasipoti ya kila mtu, watoto walio chini ya miaka 12 hawalipi lakini lazima wawe na tiketi yao, na ukumbi wa majumba ya wafalme hao, Wanasri, unaingia kwa saa uliyopangiwa. Ukikosa saa hiyo, umekosa. Kwa hiyo huko tiketi ya asubuhi ya Alhambra inatafutwa kwanza, ndege na hoteli zinafuata, na miadi ya viza yangu tayari ipo.